Mzee Soma Kwanza Anaiacha Meza ya Draya

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, saa kumi kamili jioni, karakana yetu itampumzisha fundi aliyeitumikia kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Aliingia humu akiwa na nywele nyeusi kichwa kizima. Anatoka na upara unaong'aa kuliko kioo cha mlango wa mashine mpya, na kila unywele uliopungua una kazi uliyoifanya.

Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye kitambulisho. Hata mimi niliyekaa naye meza moja miaka kumi na miwili nimeshalisahau mara mbili. Kwetu yeye ni Mzee Soma Kwanza. Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe, maana hajatokea fundi aliyeinua bisibisi mbele yake bila kuambiwa maneno hayo mawili.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, ambaye humu ndani mnaniita Anko. Msimamizi alisema amenichagua kwa sababu naongea sana. Sikatai. Shule niliiacha njiani lakini kuongea sijaacha, na mtu anayeongea vizuri akiandika amebadilisha chombo tu. Mpwa wangu wa mapokezi ndiye anayepiga chapa na kuninyooshea herufi. Mkikuta kosa ni lake, mkikuta utamu ni wangu.

Kabla sijaanza kusifu, jambo moja liwe wazi. Hapa kwetu mtu akistaafu bila kosa kwenye faili, hupewa cheti cha utumishi usio na doa. Orodha ya watakaopewa mwaka huu ilipobandikwa ubaoni, Mzee Soma Kwanza hakuwemo. Ndani ya faili lake kulikuwa na karatasi ya miaka kumi na mmoja iliyopita, yenye sahihi yake, iliyosema alama ya mashine ilisomwa vibaya na nyumba ya mteja ikaponea chupuchupu. Niliambiwa niandike wasifu mtamu na hiyo karatasi niiruke. Nimejaribu kuiruka, nimeshindwa. Nitafika huko, na nawaomba mnisome mpaka chini, hasa nyie wa ofisini.

Mzee alianza kama mbeba mizigo. Alikuwa akishusha mashine kwenye gari na kuzipanga ukutani, basi. Zama hizo draya, mashine ya kukaushia nguo, ilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha na taa moja nyekundu. Taa ikiwaka, fundi anabahatisha. Wapo waliopiga mashine makofi, wapo waliobadilisha kila kinachobadilika mpaka taa izime yenyewe kwa aibu. Kisha zikaja draya zenye kioo kidogo cha namba, ambazo zikiumwa zinakuandikia zinachoumwa: E2, E4, F1 na jamaa zao. Mafundi wakubwa walinuna. Walisema mashine zimeanza ujuaji. Yule mbeba mizigo alifurahi, kwa sababu aliona sasa mgonjwa anajieleza.

Shida ni kwamba kila kiwanda kina lugha yake. E4 kwenye draya moja ina maana mlango haujafungwa. Kwenye nyingine ina maana lile tangi la maji yanayotoka kwenye nguo limejaa, limwage. Kwenye ya tatu ina maana chujio limeziba kwa nyuzinyuzi, lisafishe. Fundi asiyejua anabadilisha kufuli la mlango wakati tangi limejaa maji. Huyu bwana akanunua daftari, akaanza kuandika kila alama aliyokutana nayo, kwenye mashine gani, nyumba ya namna gani, na mwishowe ikawa nini. Leo madaftari ni manne. Yameandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu asiyeharakishwa na yeyote. Vitabu vya kiwanda tunavyo kabatini na vina picha za rangi, lakini tukikwama hakuna anayevigusa. Tunakwenda kwenye penseli.

Mwaka nilioingia mimi, alama hizi bado tuliziita kodi, kwa Kiingereza cha waliotuletea mashine. Siku moja mapokezi walimpigia mteja simu wakamwambia mafundi wanakuja kuangalia kodi. Tulipofika tulikuta mlango umekazwa kwa komeo, na sauti ya ndani ikatuambia, "Mwambieni mwenye nyumba nimeshaongea na mke wake." Tulisimama kwenye korido nusu saa tukiapa kwamba sisi ni mafundi. Mzee aliporudi karakana alichukua chaki, akaandika ubaoni: kuanzia leo ni alama. Ikawa alama mpaka leo.

Kwenye simu ndiko alikokuwa na uvumilivu wa ajabu. Mteja akipiga, wengi wetu humwambia zima, washa, ikigoma tupigie. Yeye alikuwa hataki mtu azime. Alisema ukizima kabla ya kusoma umemziba mgonjwa mdomo. Kuna bibi mmoja alipiga, hajui herufi hata moja, akasema mashine imeandika kitana halafu bata. Sisi tulicheka mpaka chai ikatutoka puani. Mzee hakucheka. Alimuuliza, "Kitana meno yake yanaangalia wapi, bibi?" Bibi akajibu, "Yanaangalia dirishani." "Na dirisha liko mkono upi?" "Mkono ninaolia." Basi, kitana chenye meno kulia ni E, chenye meno kushoto ni tatu, na bata ni mbili. Kwa simu, bila kuinuka kitini, alimwambia bibi achomoe plagi, aache mashine ipoe, asafishe chujio na atoe soksi iliyonyonywa kwenye tundu la hewa. Tangu siku hiyo daftari la pili lina ukurasa wa michoro: yai ni sifuri, fimbo ni moja, bata ni mbili, shoka ni saba, miwani ni nane. Mpwa wangu amebandika nakala yake pembeni ya simu.

Akienda nyumbani kwa mtu alikuwa na mwendo wake. Hufika na kigoda kidogo cha mbao, hukaa mbele ya mashine, huvaa miwani, huandika kilichoandikwa. Kisha huuliza, "Nani hutia nguo humu?" Haulizi nani kainunua wala nani kaita fundi. Baba mwenye nyumba atajieleza robo saa, Mzee atamsikiliza kwa adabu zote, halafu atauliza tena nani hutia nguo. Anaitwa dada wa kazi kutoka jikoni, anasema neno moja, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kuna bwana mmoja alikuwa akiupiga mlango wa draya yake teke kila asubuhi kwa sababu iliandika mlango wazi wakati yeye anauona umefungwa. Mzee alitoa kifungo cha shati kwenye tundu la kufuli. Kifungo cha shati la huyohuyo bwana. Mzee alimwekea kiganjani, na bwana akakitia mfukoni.

Mimi nimeona mengi zaidi, na wanaonijua wanajua. Nimebeba draya mgongoni peke yangu mpaka ghorofa ya saba na nikapumzika mara moja tu, tena kwa kumpisha mjamzito. Nimeona draya iliyotoka jikoni kwa miguu yake ikaenda kukaa sebuleni mbele ya televisheni, mita sita kwa kukadiria. Hiyo ya pili Mzee alikuwepo. Kwenye daftari lake ameandika: mguu wa kushoto umelegea, mashine imesogea sentimita arobaini. Basi hiyo ndiyo tofauti yetu. Mimi nikihadithia, mashine inafika sebuleni. Yeye hupima kwa futi kamba.

Na mtu huyo apimaye kwa futi ndiye ambaye faili lilisema alisoma vibaya. Sasa nafika.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuwa mgeni hapa, na kwenye faili langu tayari kulikuwa na maonyo mawili. La kwanza nilichelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nikimhadithia mteja habari za jeshini, ambako sijawahi kwenda. La pili nilisahau kufunga bomba la hewa la mteja mwingine, hadithi ikiwa ileile. Onyo la tatu lingenirudisha nyumbani, na nyumbani kulikuwa na mke, watoto watatu na mama yangu mzazi aliyekuwa kitandani.

Ikaja simu ya muuguzi mmoja. Draya yake inazunguka, inasimama, inaandika kitu. Nikatumwa mimi. Ghorofa ya nne, mitaa miwili kutoka hapa. Mashine ilikuwa imebanwa ndani ya kabati la korido, ukuta huku na ukuta huku. Nilifanya kilekile nilichokuwa nakatazwa kila siku. Sikusoma alama. Nilichomoa plagi, nikahesabu mpaka kumi, nikachomeka, maandishi yakafutika. Nikaweka programu fupi ya dakika arobaini, pipa la ndani likazunguka vizuri, nikajipongeza. Kisha nikaona bomba la hewa la nyuma limelegea. Kulifikia ni mpaka upande juu ya mashine ulale kifudifudi, nami wakati huo nilikuwa na umbo la kupita popote. Nililikaza, nikachukua muda wangu. Kabla ya kushuka nikaning'iniza kichwa upande wa mbele nione zimebaki dakika ngapi. Nikaona 23.

Yule muuguzi alikuwa ametoka zamu, amesimama na macho yanajifunga yenyewe. Nikamwambia, "Kalale dada. Mashine nzima, zimebaki dakika ishirini na tatu." Akaingia chumbani, chumba kilichopakana ukuta na lile kabati, akaizima simu sauti. Nami nikavuta mlango, nikarudi karakana nikipiga mluzi.

Mzee alikuwa anakunywa chai. Nikamhadithia nilivyoitibu draya ile. Akauliza, "Iliandika nini?" Nikasema ilifutika. "Sikuulizi ilifutikaje. Iliandika nini?" Nikamwambia hilo sijui, lakini nimeiacha kwenye ishirini na tatu na inazunguka kama feni. Hapo aliweka kikombe chini.

"Ishirini na tatu, au ishirini na tano?"

"Ishirini na tatu. Nimeona kwa macho haya."

"Mashine ya yule dada inahesabu tano tano. Haina ishirini na tatu." Akanitazama kidogo. "Ulisoma umesimama wapi?"

Nikasema sikusimama, nililala juu yake, kichwa kinaning'inia. Alichukua penseli, akaandika 23 kwa zile namba za pembe pembe za mashine, kisha akaigeuza karatasi juu chini na kunisogezea. Ilisomeka E2. Nyie mlioshika wasifu huu mkononi jaribuni hapo mlipo, msimwonee aibu jirani.

E2 kwenye mashine ile ni joto limepita kiasi. Ikiiandika, huzima moto na kuendelea kuzungusha nguo ili zipoe. Sasa tulikuja kujua baadaye kwamba swichi ya moto ilikuwa imeganda. Mashine iliamini imezima moto, na moto haukuwa umezimwa. Ilikuwa inazunguka na kuoka, imejazwa nguo, nyuma ya ukuta wa mtu aliyelala, na iliyomwambia alale ni sauti yangu.

Tulipiga simu, haikupokelewa. Tukatoka. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona Mzee akitembea haraka, na siku ile alikimbia. Kwenye ngazi alinitangulia, na harufu ilikuwa imeshashuka hadi nilipokuwa. Nilipofika juu nilitaka kuvunja mlango. Yeye alikuwa ameshafungua kisanduku cha umeme cha korido, anasoma majina ya vyumba kimoja kimoja kwa kidole, na hiyo nayo niliiona kama karne, akashusha swichi ya chumba kile. Kisha ndipo tukagonga, kwa ngumi, kwa miguu, kwa kigoda. Dada alifungua akiwa na alama za mto shavuni, na nyuma yake korido imejaa moshi mweupe hadi kiunoni.

Nilitaka kuufungua mlango wa draya. Mzee alinishika mkono. "Ukimpa hewa, anawaka." Tukamtoa dada nje, tukafungua madirisha, tukasubiri wote watatu kwenye ngazi mpaka mashine ikapoa. Sare zake nyeupe tano zilitoka na rangi ya chai ya maziwa, moja ilikuwa na tundu la kuingiza kichwa. Ukuta wa chumbani, upande wa kichwa cha kitanda, rangi ilikuwa imeumuka.

Dada aliniangalia mimi. "Fundi, ulisema dakika ishirini na tatu."

Mzee ndiye aliyejibu. "Ni sisi, dada. Tumesoma vibaya. Tusamehe."

Aliporudi alijaza fomu ya tukio. Mnaijua ile fomu, ina nafasi moja tu ya jina la fundi aliyehusika. Nilisimama pembeni nikimwona akiandika jina lake, lile ambalo mimi husahau, kisha akasaini. Nikamwambia Mzee, hapana. Akasema, "Wewe ukifukuzwa leo, kusoma utajifunzia wapi?" Akapeleka karatasi ofisini. Mwezi uleule alikuwa afanywe msimamizi wa mafundi. Kiti kile alipewa mwingine. Yeye alirudi kwenye meza ya draya, akanikalisha kwenye kigoda chake, na kwa wiki sita sikuruhusiwa kushika spana. Kila asubuhi nilichora alama zote za daftari la kwanza, wima, na kisha juu chini. Leo nasoma alama kwa mbali kuliko fundi yeyote mjini, na hilo silipigii chumvi.

Lakini lile tukio nililipigia. Miaka yote hii nimewahadithia mafundi wapya habari za siku niliyoiokoa nyumba ya muuguzi. Kwenye hadithi yangu nilinusa moshi kutoka mitaa miwili, nikapanda ghorofa nne kwa pumzi moja, na mlango niliung'oa kwa mkono wa kushoto. Mzee alikuwa akikaa palepale na kikombe chake. Fundi mpya mmoja aliwahi kumgeukia, "Eti kweli, Mzee?" Akajibu, "Nyumba haikuungua, hilo ni kweli." Akaendelea na chai.

Sikuwa na mpango wa kuyasema haya. Nisingekuwa naandika hivi kama si ile orodha ya vyeti iliyobandikwa wiki mbili zilizopita. Nilikuwa mlangoni nikitafuta ufunguo wa stoo. Mzee alisimama mbele ya ubao, akavaa miwani, akaisoma orodha toka juu hadi chini. Akarudi juu, akaisoma tena kwa kidole. Kisha akavua miwani, akaenda kuosha vikombe vya chai vya watu wote, kazi ambayo si yake. Nilimhesabia vikombe kumi na vinne. Kimoja alikiosha mara mbili.

Kesho yake niliingia kwa msimamizi na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, bila mpwa wangu kuinyoosha. Ilikuwa na mistari minne. Alama ilisomwa vibaya na mimi. Nilikuwa juu ya mashine. Mzee alikuja kuzima. Jina kwenye fomu si la aliyekosea.

Msimamizi aliisoma, akaniuliza kwa nini sikusema miaka yote hii. Nikamjibu kwamba nilikuwa naongea sana, hilo halikupata nafasi. Hakucheka. Akamwita Mzee. Mzee aliingia akifuta mikono, akaiona karatasi yangu, akasema, "Ile sahihi ni yangu, mama."

"Sahihi nimeiona," msimamizi akasema. "Nauliza nani alilala juu ya mashine."

Mzee akaendelea kufuta mikono. Nikadhani atakataa kama alivyokataa miaka ile. Kisha akaniangalia toka juu hadi chini, macho yakasimama hapa tumboni pangu. "Wakati ule alikuwa mwembamba," akasema.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Karatasi ya zamani imetolewa kwenye faili lake na yangu imewekwa kwenye faili langu, pamoja na barua ya onyo. Nadhani mimi ndiye mtumishi pekee duniani aliyeonywa baada ya miaka kumi na mmoja, na barua nimeiweka vizuri. Cheti chake cha utumishi usio na doa kimesainiwa juzi. Mtakiona akikabidhiwa mbele yenu, na mliowahi kusikia hadithi yangu ya mkono wa kushoto, msiitafutie tena pa kukaa.

Mengine aliyoyafanya ni mengi na nafasi ni ndogo. Amefundisha mafundi ishirini na sita, na tisa kati yao wana karakana zao. Ndiye aliyeanzisha ile tabia yetu ya kumwachia mteja kikaratasi chenye alama tatu za mashine yake na la kufanya kwa kila moja, ili asituite kwa jambo la kumwaga tangi. Ofisi iliona tunajipunguzia kazi. Yeye alisema mtu akiweza kuisoma mashine yake mwenyewe hatalala kwa hofu. Madaftari yote manne anatuachia. Na kwa wale wanaouliza, ni kweli, nyumbani kwake hakuna draya. Mke wake huanika kwenye kamba, na kamba, Mzee anasema, haijawahi kumwandikia kitu.

Jana nilimpelekea wasifu huu ausome kabla haujachapwa, maana anayeandikwa ana haki ya kujua anaandikwaje. Aliusoma mara mbili kwa penseli mkononi. Niliogopa ataikata ile sehemu yangu yote. Hakuikata. Mahali pamoja tu aliweka mkono wake. Pale kwenye ngazi za nyumba ya muuguzi niliandika kwamba alinitangulia. Alilikata neno hilo, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa taratibu: tulipanda pamoja.

Nimeurudisha wasifu kwa mpwa wangu nikamwambia aliache neno langu. Mzee, samahani. Umenifichia miaka kumi na mmoja na ulitaka unifichie mpaka siku yako ya mwisho. Hatukupanda pamoja. Ulinitangulia ghorofa nzima. Wewe ulikuwa tayari unasoma majina kwenye kisanduku cha umeme, na mimi nilikuwa ngazi za chini nimeshika ukuta, natafuta pumzi. Hii haina chumvi, na iandikwe hivyo.

Kwa niaba ya karakana, mapokezi, stoo na ofisi, tunakushukuru kwa miaka yako. Nenda ukapumzike kwa mkeo na kamba yenu ya nguo. Afya iwe njema, miwani isipotee, na siku ziwe za kukaa bila kuitwa. Maisha yawe mema kwako, Mzee wetu.